Nilivyovunja kibuyu cha nesi wa Hawaii kwa hasira, Riyadh hadi Jeddah

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mlio kitandani mnascroll tu.

Miaka yote hapa nimekuwa msomaji. Leo naandika yangu. Chumvi sijaweka, na mtaona wenyewe, kwa sababu mtu akiweka chumvi huwa anajipanga vizuri kwa stori. Mimi kwa hii stori sijajipanga vizuri mahali popote.

Ni stori ya muziki wa Hawaii. Ndio, Hawaii ile ya mashati ya maua. Ngojeni kwanza, msicheke. Mimi nilicheka, na ndiyo maana niko hapa.

Iko hivi.

Ile miaka ajenti walikuwa wanatupakia Nairobi kama magunia ya kabichi, na mimi nilipakiwa. Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Shule niliachia form two, English nimejifunza kwa redio na baadaye kwa abiria, kwa hivyo mkiona makosa songeni mbele.

Nilishuka Riyadh na visa ya dereva wa nyumba. Kufika, kumbe kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, ana magari manne na hana shida ya dereva wa nyumba. Amefanya biashara: kubeba manesi wa kigeni, hostel hadi hospitali, hospitali hadi madukani. Wanawake walikuwa bado hawaruhusiwi kuendesha gari kule. Kazi ilikuwa kibao.

Tulikaa Shumaisi, mtaa wa Riyadh, chumba kimoja watu watano. Humo ndani ndipo nilipompata Wekesa.

Wekesa ni Mbukusu wa Bungoma. Mimi Mwidakho wa Kakamega, wote Waluhya. Siku niliyofika kitanda changu hakikuwepo, kafili anasema bukra, bukra, yaani kesho, na hiyo kesho ikawa wiki mbili. Wekesa akanipa kitanda chake akalala chini kwa carpet. Alitandika tu blanketi akasema, "Mluhya mwenzangu hawezi kulala chini kama nina mgongo."

Mtu wa hivyo huwezi kumwacha. Dereva mmoja alimwita mnyama kwa Kiarabu pale kwa petrol, mimi nilikuwa nimeshuka kwa gari kabla hajamaliza hilo neno. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi kule, nusura ipotee siku hiyo.

Ndio nilivyo. Hasira zangu ziko karibu, na wangu akiguswa sina breki.

Sasa Anti Lehua. Hilo si jina lake, lakini linafanana.

Alikuwa nesi wa watoto wachanga, mama wa karibu miaka sitini, mnene, mweusi wa kahawa, nywele ndefu za mvi amezibana juu. Alitoka Hawaii, na hakuna mtu aliyemwamini. Kila Mfilipino pale hospitali alikuwa anamsalimia kwa Kifilipino. Yeye anawajibu kwa Kihawaii, kwa makusudi, na anawaacha wamesimama pale kwa lifti wanaangaliana.

Siku ya kwanza nilimfungulia mlango nikasema, "Good morning, Madam."

"Madam ni yule anayekulipa. Mimi niite Auntie. Kwetu kila mwanamke mwenye mvi ni Auntie."

"Hata kwetu."

"Basi tumemaliza. Yalla, twende."

Nilimpenda. Niseme hilo mapema ndio mjue sina kisingizio.

Shida ilikuwa muziki wake. Anaunganisha simu na redio ya gari, halafu inaanza. Gitaa moja inatembea polepole kama mtu amevaa slippers. Mama mzee anaimba kwa juu kabisa, sauti inavunjika katikati, inarudi. Na hizo zilikuwa zile nzuri. Kuna zingine hazina gitaa, ni sauti na kibuyu tu. Kibuyu kinapigwa chini, *u*, halafu kinapigwa kofi kwa tumbo, *te te*. U, te te. U, te te. Asubuhi saa kumi na mbili, jam ya Riyadh, vumbi, na mimi sijanywa chai.

Niliiita muziki wa kungojea daktari.

Jioni kule chumbani nafunga taulo kiunoni, naweka chupa ya maji kichwani, nawachezea hula, ile ngoma yao ya kucheza. Natingisha kiuno mpaka taulo inaanguka. Wekesa anacheka mpaka chai inatokea puani.

Siku moja alipomaliza kucheka akaniambia, "Lakini hiyo ya kibuyu, buda, si ni isukuti yenu ikiwa na homa?"

Hiyo haikunichekesha. Nyinyi ambao si wa kwetu, isukuti ni ngoma za Waisukha na Waidakho. Ngoma tatu zinakwenda pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, na mtu mmoja anaita wengine wanaitikia. Kuka, yaani babu yangu, alikuwa anaita. Na mimi shule yote nilikuwa nakimbia hiyo kitu. Kila mgeni akija, mwalimu anasema "Waidakho njoo mtingishe mabega," na vile vijana wa town wanacheka. Kuka alinitafuta mara nyingi anifundishe ile ngoma ndogo. Nikamwambia mimi nimeokoka. Sikuwa nimeokoka. Nilikuwa naona haya tu.

Turudi kwa gari.

Anti alijua sipendi muziki wake na hakujali. Taa ikiwa nyekundu anapiga *te te* kwa mgongo wa kiti changu. Siku moja aliniona kwa kioo natingisha kichwa kwa dharau, akasema, "Unadhani hula ni kiuno."

"Si ndio naona kwa TV?"

"Kiuno ni punda. Kinabeba tu. Habari iko mikononi."

Akainua mikono kule nyuma. Vidole vikashuka pole pole. Akasema hiyo ni mvua. Akavisogeza kando, hiyo ni mvua ya upande fulani wa kisiwa chao, ina jina lake, haiitwi mvua tu. Nikamwambia kwetu mvua ni mvua. Akaniambia, "Muulize nyanya yako."

Sikuuliza.

Sasa sikieni ilivyoanza kuharibika.

Alasiri moja nimetoka zamu, nampata Wekesa amekaa kwa kitanda, begi limefungwa.

"Nimefutwa," akasema. "Halas, imeisha. Kafili amenipatia exit, nirudi nyumbani."

"Nani amekusema vibaya?"

"Wachana nayo."

"Ni nesi?"

Akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Mimi kile kimya nikakisoma ni ndiyo. Tena siku moja kabla nilikuwa nimemwona Anti Lehua kwa gate ya hospitali na kafili wetu. Anaongea kwa nguvu, anaonyesha kidole kwa gari la Wekesa. Nikaunganisha mwenyewe. Sikumuuliza Anti, sikumuuliza kafili. Wekesa akaondoka, nikabaki naangalia ile carpet.

Wiki haijaisha, naambiwa Anti amepata transfer kwenda Jeddah, nimpeleke na mizigo yake, yeye na nesi mwingine Mfilipino. Kilomita karibu elfu moja.

Nikasema moyoni, safi. Tutaonana.

Asubuhi nimefika hostel na uso wa mawe. Yule Mfilipino akapanda akaweka earphone akalala, na huyo muondoeni kwa stori, alilala mpaka Jeddah. Anti alikuwa na suitcase mbili, na mfuko mmoja wa kitambaa, mviringo, ameukumbatia kifuani kama mtoto ametoka kuogeshwa.

Nikamwambia, "Mizigo yote nyuma, Madam."

Alisikia hiyo Madam. Aliniangalia.

"Hii nitaipakata."

"Sheria ya kazi."

Hakukuwa na sheria. Niliitunga pale pale mlangoni.

Akasita. Halafu akanipa, kwa mikono miwili. "Taratibu basi. Ni kibuyu."

Kibuyu! Wakuu, kwetu kibuyu ni cha maziwa. Kiko jikoni na moshi. Kuku akikiangusha unatoa kingine. Mimi nilizunguka nyuma ya gari nikamfikiria Wekesa na begi lake, nikakirusha. Kikaangukia katikati ya suitcase na jeki. Halafu boot nikaifunga juu yake kwa nguvu zote.

Nikasikia *ko*.

Sauti ndogo kabisa, kama mtu anabisha mlango mara moja akakata tamaa. Nilijua ni nini. Na kwa vile niliahidi kutoweka chumvi, wacha niseme: nilifurahi.

Tukaondoka.

Ile njia ni ndefu na haina kitu. Jangwa, kamera, petrol, jangwa. Masaa mawili ya kwanza sikuongea. Anti akadhani nimekasirika kwa sababu rafiki yangu ameenda. Akasema, "Utamkosa Wekesa, ee?" Nikamwangalia kwa kioo nikasema moyoni, huyu mama ana roho ngumu.

Halafu akaanza kuniambia kuhusu hicho kibuyu. Sikumwuliza.

Ni hivi. Alipokuwa mdogo nyanya yake alikuwa anacheza hula jikoni, anaimba Kihawaii cha zamani. Mama yake akakataza. Kwao pia shuleni ile lugha ilikuwa aibu, mtoto wa kusoma anaongea English. Anti akakua anamwonea nyanya yake haya. Wageni wakija nyumbani anafunga mlango wa jikoni.

"Nilikuwa nafunga mlango," akasema. "Fikiria. Na yeye anaendelea kuimba tu nyuma ya mlango."

Nyanya akafa. Anti akaja kuanza hula na miaka hamsini.

"Hamsini! Magoti yalikuwa yameshahama. Nilikuwa nacheza na wasichana wa miaka kumi na mbili, wananishika mkono nisianguke."

Akacheka. Mimi sikucheka lakini sikio lilikuwa limeshageuka.

Mwalimu wake alikuwa mama wa zaidi ya miaka themanini. Mkali. Kule kwao huwezi kuamka tu ukafundisha wengine. Lazima mwalimu wako akae mbele yako, uimbe, upige, na yeye aseme sasa nenda ukafundishe. Asiposema, hujui kitu. Na Anti alikuwa amebakiza huo mtihani peke yake. Alipopata kazi ya Saudi, yule mwalimu akamwazima kibuyu chake mwenyewe, alichopewa na mwalimu wake. Vibuyu viwili vimeunganishwa shingoni, kimoja juu ya kingine. Akamwambia, "Fanya mazoezi nacho. Ukirudi kwa leave, nirudishie kikiwa kinaimba, na mimi nitasikia."

Leave ilikuwa miezi miwili mbele.

Wakuu, mikono yangu ilikuwa kwa usukani na ilikuwa inatoa jasho, na AC iko namba nne.

Halafu akaimba ule wimbo wa mtihani. Bila simu, bila redio. Anajipigia kwa paja. Anaita mstari, anajijibu, anaita tena. Na hapo, katikati ya lile jangwa, nilimsikia Kuka. Si maneno. Ni ile namna ya kuita. Ile ya kushika pumzi mwisho ili watu wajue sasa ni zamu yao. Mdomo wangu ulifunguka kuitikia, nikaufunga.

Aliniuliza, "Kwenu mnaimba nini?"

"Gospel tu," nikasema.

Tulipita Taif tukashuka mlima. Kukaribia Makka kuna ile njia ya kando kwa sisi tusio Waislamu, tukaizunguka, tukaingia Jeddah jua likiwa bado juu.

Mbele ya hostel mpya nilimtolea suitcase. Mfuko niliuacha mwisho. Aliufungua pale pale kwa pavement, akachungulia, akaingiza mkono.

Hakupiga kelele. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Alipitisha kidole kwa ufa, kutoka juu mpaka karibu na kitako, pole pole, kama anasoma.

"Barabara ilikuwa mbaya?" akaniuliza.

Hapo, wakuu. Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilikuwa na nafasi ya kusema nimekirusha, nilikuwa na hasira, nisamehe. Maneno matano.

Nikasema, "Ile njia ya kuzunguka Makka, Auntie. Ina mashimo."

Ile njia ni laini kama chapati. Hakuna shimo hata moja.

Akatingisha kichwa. "Ningekipakata. Uliniambia sheria, lakini ningekataa. Ni kosa langu."

Akaniambia asante kwa kumleta. Mimi nikasema mafi mushkila, hakuna shida, nikaingia kwa gari nikaanza kurudi Riyadh siku hiyo hiyo.

Na jambo la kuuma zaidi ni kwamba nilijua kukitengeneza. Kukhu, nyanya yangu, alikuwa fundi wa hiyo kitu kijiji kizima. Kwetu kibuyu kikipasuka unakishona. Unatoboa matundu madogo pande mbili za ufa, unapitisha uzi, unakaza, unapaka nta. Nimemshikia Kukhu vibuyu nikiwa mtoto, mamia. Ningeweza kumwambia Anti siku ile ile. Lakini ukianza kushona kitu cha mtu atakuuliza kilipasukaje hasa, na mimi nilishasema mashimo. Uongo una njaa, wakuu. Ulikula hata ule msaada.

Kwa hivyo Riyadh. Gari imekuwa kimya. Nabeba manesi wengine, wanaweka pop, wanaweka mahubiri. Kwa taa nyekundu najipata nangoja *te te* kwa mgongo wa kiti.

Nikaanza kuitafuta kwa YouTube. Mwanzo nilijiambia naangalia bei ya vibuyu. Uongo tena. Nilikuwa naangalia wale akina mama wazee, wamevaa magauni marefu mpaka chini, si nyasi, wanacheza polepole. Mara ya kumi hivi ndio nilianza kuona mikono. Niliona mtu akishuka mlima. Niliona mtu akinusa ua na kumkumbuka mtu. Hakuna aliyenitafsiria. Nilikuwa nimechelewa kuona kitu ambacho kilikuwa kiti cha nyuma cha gari langu karibu mwaka mzima.

Vijana kule chumbani wakaanza kunicheka. Safari hii hakuna taulo.

Karibu miezi miwili ikapita. Wekesa akapiga simu kutoka Bungoma. Tukapiga story, nikaona nimpe zawadi yake.

"Brathe, yule nesi wako aliyekuchomea nilimlipizia. Nilimvunjia kibuyu chake."



"Nesi gani?"

"Yule wa Hawaii. Si yeye alikusema kwa kafili?"

"Ulifanya nini?"

Nikamweleza, na nusu ya njia sauti yangu ikaanza kupungua, kwa sababu Wekesa hakuwa anacheka.

Akaniambia ukweli. Hakuna mtu alimfuta. Yeye ndiye aliomba kwenda. Bibi yake alikuwa amepata ujauzito wa shida, daktari amesema alale kitandani, hakuna mtu nyumbani. Kafili akakataa kumpa pasipoti na exit. Anti Lehua akasikia siku moja Wekesa alipombeba kwa gari lake, akamfuata kafili mara tatu, ya mwisho pale kwa gate, akimwambia huyu kijana mwachilie aende kwa mke wake. Ndicho nilichokiona mimi.

"Mbona ulisema umefutwa?"

"Ningesema nini?" Wekesa akasema. "Nimekaa miaka miwili sina hata choo nimejenga, halafu narudi kwa sababu ya bibi? Si mngeniimba mpaka leo?"

Na ni kweli tungemwimba. Mimi ningekuwa wa kwanza. Wote mliowahi kukaa Gulf mnajua: kurudi mapema ni aibu, kufutwa ni bahati mbaya. Kila mtu anachagua kufutwa.

Sikumkasirikia. Nilijaribu, ikakataa.

Hapo mngesema niliruka usiku ule ule nikaenda Jeddah. Hapana. Gari si yangu, pasipoti si yangu. Namba yake nilikuwa nayo, na hiyo nayo nilikuwa naifungua naifunga. Nilijiambia haya ni mambo ya ana kwa ana. Nikangoja mpaka kafili akanipa watu wa kupeleka upande ule, na hiyo ilikuwa mwezi mwingine na nusu.

Nilipowashusha watu nilienda moja kwa moja Sharafiya, mtaa wa maduka pale Jeddah. Nikanunua sindano ya magunia, nta, na kwa fundi viatu mmoja nikapata uzi mgumu na msumari wa kutobolea. Nikamtumia Anti message: niko Jeddah, naweza kushona kibuyu, kwetu tunashona.

Akajibu yuko, na kibuyu bado anacho. Nilishangaa, maana kwa hesabu yangu leave ilishapita na angekuwa amekirudisha.

Alishuka na mfuko. Ndani ya hostel yao mwanaume haingii, kwa hivyo alikaa kiti chake cha nyuma na mimi nikakaa mbele nimegeuka, gari limeegeshwa kivulini, AC inavuma. Alikuwa amekonda. Lakini alipoona ile sindano uso ukafunguka.

"Unajua hii kazi kweli?"

"Nyanya yangu alikuwa anashona. Nilikuwa namshikia."

"Na hukuniambia! Kumbe mna vibuyu, mnashona, na uliniambia gospel!"

Akanipiga *te te* kwa kiti. Nikaanza kutoboa.

Nilikuwa nimefika kama nusu ndipo nikamuuliza leave ilikuwaje.

Hakuenda. Alisogeza mpaka mwaka ujao. "Ningeenda vipi? Nimwangalie machoni nimwambie nilikubali kukiweka kwa boot? Niliona nitafute kwanza mtu wa kukitengeneza." Halafu akaongeza, "Amefariki wiki tatu zilizopita."

Sindano ilikuwa ndani ya tundu. Sikuivuta.

Nikamwambia yote. Kwa English yangu hii ya abiria, nimeinamisha kichwa. Wekesa, gate, sheria niliyotunga, *ko*, ile njia haina mashimo. Nilimaliza. Akasema tu, "Maliza kushona."

Nikamaliza. Nikapaka nta. Mshono ulikuwa mzuri, Kukhu asingeukataa. Nikampa, kwa mikono miwili.

Akakiweka kwa paja. Akapiga. U. Te te.

Kilitoa sauti. Lakini kulikuwa na kitu kingine ndani, kama mdudu kwa karatasi, uzi unatetemeka. Akapiga tena. Akasikiliza, kichwa kando, vile nadhani yule mwalimu alikuwa anasikiliza.

"Umeshona vizuri," akasema. "Kilikuwa na sauti yake. Sasa kina yako humo ndani. Na mimi leo siwezi kuisikia sauti yako."

Akafungua mlango.

"Auntie, wacha nikupeleke mpaka kwa mlango wa hostel, jua ni kali."

"Hapana. Nitatembea."

Ilikuwa mita kama mia mbili. Nilimwangalia akienda na kile kibuyu amekikumbatia, polepole, magoti yake yale. Hakugeuka.

Nilimwandikia baadaye. Mara nyingi. Alisoma zote. Halafu siku moja picha yake ikapotea, nikajua namba imebadilishwa au mimi ndiye nimeondolewa.

Nimerudi Kakamega sasa ni miaka kadhaa. Nina kuku, nina bodaboda mbili, nina mke ambaye anashangaa kwa nini asubuhi nikilisha kuku nasikiliza wamama wa Hawaii. Kuka alishafariki nikiwa bado Saudi. Wazee waliokuwa wanapiga naye wamebaki wawili. Nilienda nikawaomba wanifundishe. Wananipa ile ngoma ndogo, ya mtoto, na mimi nina ndevu. Mkono wangu ni mgumu, nachelewa kuitikia. Mzee mmoja aliniambia, "Ulikuwa wapi?" Nikainamia ile ngoma nikapiga tena.

Somo? Nililojifunza ni hili. Kumpenda rafiki si kazi, hata mbwa anapenda. Kazi ni kumuuliza swali la pili. Mimi nilimpenda Wekesa sana lakini sikumuuliza swali la pili, na aliyelipa ni mama ambaye alikuwa upande wake kuliko mimi.

Na la muziki: usicheke kitu cha watu kabla hujakaa nacho. Nilicheka cha kwao kwa sababu nilikuwa nimezoea kucheka cha kwetu.

Lakini linaloniuma si hata hayo. Linaloniuma ni kwamba sijui kama alikuja kufundisha. Yule aliyepaswa kumwambia "sasa nenda" hakumsikia. Pengine yuko kisiwani kwao na ule wimbo wote kichwani, na anajiona hana ruhusa ya kumpa mtu. Pengine kuna wasichana wa miaka kumi na mbili huko ambao hawataujua, kwa sababu ya dereva mmoja wa Shumaisi.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kama kuna kitu cha nyumbani ulikidharau ukaja kukielewa watu wake wakiwa wameshaenda, tuambie, nisikae hapa peke yangu. Anayejua kama kibuyu kilichoshonwa huwa kinarudisha sauti kikikaa muda mrefu, naomba aniambie pia.

Mimi nitukaneni mnavyotaka, nimekubali. Ila Wekesa msimguse. Alipata msichana, mama na mtoto wote wazima, na atakayemsema vibaya kwa huu uzi tutakosana.